Kengele Imelia na Mtoto Ana Njaa: Nani Anamdai Nani?



Vijana wenzangu, kwenye semina zetu tunafundishana sana usafi wa moyo, uchumba, wito, na namna ya kusema hapana. Ni vizuri na tuendelee. Ila mara nyingi kuna binti amekaa viti vya nyuma ambaye kwake somo hilo limechelewa. Ameshajifungua. Mtoto ana wiki nane, Jumatatu shule inafunguliwa, na kifua chake kimejaa maziwa. Hana haja ya kuulizwa tena ilikuwaje. Anachouliza yeye ni hiki: nikirudi darasani, namwibia mwanangu? Na nikibaki nyumbani, namtupa yule binti ambaye Mungu aliniumba niwe?

Majibu mawili hutolewa haraka sana. La kwanza: "Uliyataka mwenyewe, sasa kaa ulee." La pili: "Mwachie bibi yake, nunua maziwa ya kopo, wewe songa mbele." Mimi naona yote mawili hayafai. La kwanza linasahau kwamba huyo mama bado ni mtoto wa watu. La pili linamfanya mtoto mchanga kama mzigo wa kuweka mahali mpaka mitihani iishe.

Tuanze na yaliyo wazi. Kwa Tanzania hali imebadilika. Kwa miaka mingi binti akipata mimba aliondolewa shule, na kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi zilitumika dhidi yake kwa hoja ya kosa la kimaadili. Juni 2017, Rais John Magufuli alitamka kule Chalinze kwamba katika uongozi wake mwanafunzi akizaa hatarudi shuleni. Kisha tarehe 24 Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, kujifungua ikiwemo, wanaruhusiwa kurejea, na Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2021 ukaweka muda wa miaka 2 wa kufanya hivyo. Majirani zetu Kenya walikuwa na sera ya kuwarudisha tangu mwaka 1994. Kwa hiyo mlango upo. Lakini waraka haunyonyeshi mtoto. Binti anarudi, anapewa dawati, anaandikwa kwenye daftari la mahudhurio, na hapo maswali ya mwili ndiyo kwanza yanaanza.

Linganisha na mtu mwingine aliyemo humo humo darasani. Mwalimu wa kike akijifungua, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 kama ni mapacha. Akirudi kazini, mwajiri anatakiwa kumruhusu kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Mwanafunzi aliyekaa mbele yake ana mtoto wa umri uleule, mwenye tumbo dogo lilelile na njaa ileile. Yeye analindwa na nini? Huruma ya mwalimu huyo, basi. Siku mwalimu akiamka vibaya, hata hiyo haipo.

Hivi mtoto mchanga anajua kama mama yake ameajiriwa au ni wa kidato cha tatu?

Sasa tuongee kidogo mambo ya mwili, na wavulana msiondoke. Kuna watu wanatoa maoni makali juu ya jambo hili bila kujua maziwa yanavyofanya kazi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, hata maji asipewe, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi afike miaka 2 au zaidi. Mwili wa mama unatengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotoka. Mtoto akinyonya sana, yanakuja mengi. Yakikaa bila kunyonywa wala kukamuliwa, matiti yanajaa, yanakuwa magumu, yanauma hata kushika kalamu ni shida. Maziwa yanavuja kwenye sare. Unakuta binti kavaa sweta saa 6 mchana, jua la Dar es Salaam kali, wenzake wanadhani ana malaria, kumbe anaficha shati lililolowa. Akiachwa hivyo siku nyingi anaweza kupata uvimbe wa titi na homa, hata jipu. Na mwili ukiona maziwa hayatoki, unapunguza kuyatengeneza. Wiki chache tu, watu wanaanza kusema "huyu maziwa yake madogo". Si madogo, alinyimwa nafasi ya kuyakamua.

Kukamua si jambo la ajabu. Pampu ni nzuri kama unayo, lakini mikono inatosha. Nawa mikono kwa sabuni, shika titi kwa kidole gumba juu na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi, sukuma kuelekea kifuani kisha bana taratibu. Usivute chuchu. Mwanzo yanatoka matone, baadaye yanaruka. Dada aliyezoea anamaliza matiti yote mawili ndani ya dakika 20 hadi 30, yaani muda wa mapumziko ya chai. Anza kujizoeza wiki moja au mbili kabla ya kurudi shule, usisubiri Jumatatu asubuhi. Maziwa yaliyokamuliwa kwenye chombo safi chenye mfuniko yanakaa mpaka saa 4 kama joto halizidi nyuzi 25, na kwenye friji mpaka siku 4. Pwani kwetu joto linazidi hapo, kwa hiyo yawekwe mahali penye ubaridi na mtoto apewe mapema. Anyweshwe kwa kikombe kidogo kisafi. Chupa na chuchu za plastiki ni ngumu kuzisafisha vizuri, hasa pale maji yanaponunuliwa kwa ndoo. Ukirudi nyumbani, mnyonyeshe. Usiku mnyonyeshe. Watoto wengi hufidia usiku, na mwili wa mama usiku unatengeneza maziwa vizuri.

Utasikia pia maneno ya mtaani: eti maziwa yaliyokaa kifuani mchana kutwa yamechacha, eti mama akitembea juani yanaharibika, eti maziwa ya mtu kwenye kikombe yanatia kinyaa. Maziwa hayachachi ndani ya titi. Na hicho kinyaa mbona hatukioni kwa maziwa ya ng'ombe? Lakini uwe mpole unapomweleza bibi. Bibi ndiye atakayebaki na mtoto, na heshima yako kwake itafanya kazi kubwa kuliko hoja zako. Mwambie, "Bibi, shikamoo, naomba unisaidie hiki," kabla ya kumwambia kwamba anachoamini si kweli. Kama kuna muuguzi wa kliniki anayeheshimika mtaani, mwombe aje aseme yeye.

Turudi kwenye swali letu, maana mbinu za kukamua hazijajibu kama ni haki kuondoka.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba haki ni utashi thabiti wa kumpa kila mtu kilicho chake. Basi tuhesabu wanaodai. Wa kwanza ni mtoto. Hakuomba kuzaliwa, hana namna ya kujitetea, na anachohitaji kipo mwilini mwa mtu mmoja. Deni lake ni zito, sitaki mtu alipunguze. Nabii Isaya, katika sura ya 49, alipotafuta mfano wa upendo usiosahau, alichukua mama na mtoto wake anyonyaye, na hata hapo akasema Mungu anazidi. Kitabu cha pili cha Wamakabayo kinamwonyesha yule mama wa vijana saba akimkumbusha mwanawe wa mwisho, mbele ya mfalme katili, kwamba alimnyonyesha miaka 3. Alitaja maziwa palepale penye kifo. Kwa Biblia hilo si jambo dogo la wanawake la kuongelewa jikoni.

Wa pili anayedai ni huyo mama. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Binti wa miaka 16 aliyejifungua hakuacha kuwa mtoto siku aliyoingia leba. Wazazi wake bado wanadaiwa naye malezi, chakula na shule. Tunazoea kupima upande mmoja mtoto na upande mwingine "tamaa ya mama ya kusoma". Ukweli ni kwamba tunao watoto wawili ndani ya nyumba moja, na wote wawili wanadai watu wazima. Kosa letu ni kuwagombanisha hao wawili halafu sisi wadaiwa tunakaa pembeni kuamua nani ana haki zaidi!

Mtu ataniambia, mama ni mama, hana mbadala. Kweli. Mtakatifu Yohane Paulo II alizungumza juu ya kunyonyesha tarehe 12 Mei 1995, mbele ya wataalamu waliokutanishwa na Akademia ya Kipapa ya Sayansi. Alikubali kwamba hakuna anayeweza kuchukua nafasi ya mama katika hilo. Ila palepale alisema mama anahitaji muda, maelezo sahihi na msaada, na kwamba jamii nyingi zinamtwisha mwanamke mambo mengi mno hata muda huo unakosekana. Wengi wetu tunaipenda ile nusu ya kwanza. Nusu ya pili inatugusa mfukoni.

Na Yesu mwenyewe? Katika Luka sura ya 11 mwanamke mmoja katika umati alipaza sauti akilisifu tumbo lililomzaa na matiti yaliyomnyonyesha. Yesu alimjibu kwamba heri zaidi ni ya wale wanaolisikia neno la Mungu na kulishika. Wengine wanasoma hapo kama vile Yesu alimkatisha tamaa mama yake. Mimi siamini. Maria alimnyonyesha, na Wakristo wa kwanza hawakuona aibu kulionyesha hilo: katika katakombe ya Priscilla kule Roma ipo picha ya karne ya 3, mama amempakata mtoto kifuani, nayo inahesabiwa kuwa miongoni mwa picha za kale kabisa za Bikira Maria. Alichokataa Yesu ni kumpima mama yake kwa tumbo na matiti peke yake. Maria alikuwa msikilizaji, mwenye kutafakari, mwenye akili. Na sura moja kabla ya hapo, mwanamke mwingine, Maria wa Bethania, ameketi miguuni pa Yesu kama mwanafunzi, na dada yake anapolalamika Yesu hamwondoi. Kwa hiyo tukimwambia binti "wewe sasa ni mama, masomo si yako tena", tunamrudisha kwenye kipimo ambacho Bwana alikikataa.

Je, basi kila binti arudi shule mapema iwezekanavyo? Hapana, na hapa nawaomba tuwe wakweli. Soma Samweli wa kwanza, sura ya 1. Hana alimwomba Mungu mtoto kwa machozi, akampata Samweli. Mwaka uliofuata familia ilipokwenda Shilo kutoa sadaka, Hana alisema haendi mpaka amwachishe mtoto kunyonya. Hija takatifu ilisubiri maziwa! Na Elkana mume wake hakumwita mvivu wa ibada. Alimwambia afanye aonavyo vema. Ukiweza kusubiri miezi 6, hata mwaka, unyonyeshe kwa utulivu halafu urudi ndani ya ile miaka 2, hakuna anayepaswa kukucheka kwamba umeachwa nyuma. Huo nao ni uamuzi wa mwanamke mwenye akili.

Ila tumtazame Hana vizuri. Alikuwa na mume. Alikuwa na nyumba, chakula na heshima. Alipobaki nyumbani, hakuna aliyekuwa anatafuta namna ya kumwoza. Binti wetu anaposubiri nyumbani mambo huwa mengine: anageuzwa mpishi na mchota maji wa nyumba nzima, anasikia kila siku kwamba ameleta aibu, na anakuja mzee fulani mwenye duka anasema yeye yuko tayari kumchukua "na mtoto wake". Miaka 2 inapita. Kusubiri kwa Hana na kusubiri kwa binti huyu vina jina moja tu, basi.

Kuna mama mwingine wa Biblia ambaye hali yake inakaribia zaidi. Yokebedi alimzaa Musa chini ya amri ya Farao, akamficha miezi 3, akamweka kwenye kisafina mtoni. Dada yake akasimama mbali kutazama, kisha akamwendea binti Farao na wazo lake: nikuitie mnyonyeshaji? Ndivyo Yokebedi alivyomnyonyesha mwanawe mwenyewe, tena kwa ujira uliolipwa kutoka nyumba ya mfalme. Angalia watu waliohitajika ili mtoto mmoja anyonye: mama mwenye maziwa, dada mwenye akili, na mwanamke mwenye cheo aliyefungua mkono bila kuuliza maswali mengi. Mama peke yake asingeweza. Kwenye parokia zetu Yokebedi wapo wengi. Nawatafuta akina binti Farao.

Najua kinachotusumbua Wakatoliki hapa. Ni neno kwazo. Tunaogopa kwamba tukimwonyesha huruma huyu, wengine watajifunza kwamba dhambi haina gharama. Hofu hiyo siidharau, kuna walimu na mapadre wema wanayo. Lakini tuifuatilie mpaka mwisho. Kwanza, hatujui kila mimba ilipatikanaje. Wapo waliobakwa, wapo waliodanganywa na watu wazima. Sheria ya Tanzania tangu mwaka 2016 inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, maana inajua ni nani mara nyingi mwenye nguvu. Pili, hata pale palipokuwa na dhambi ya hiari, dhambi inaungamwa na kusamehewa. Mtoto siyo dhambi, na maziwa siyo ushahidi wa kesi. Tatu, wasichana wengine wanatutazama kweli, ila wanajifunza nini? Binti akiona mwenzake aliyezaa amefukuzwa, amechekwa, amenyimwa hata chumba cha kukamulia maziwa, hajifunzi usafi wa moyo. Anajifunza kwamba siku likimkuta yeye, asionekane. Na sote tunajua kuna "dawa" gani zinauzwa vichochoroni kwa ajili ya wasiotaka kuonekana. Mwaka uleule wa 1995, katika barua yake kwa wanawake, Yohane Paulo II aliandika kwamba hatia ya utoaji mimba haimwangukii mwanamke peke yake, bali pia mwanamume na mazingira yanayoshiriki. Sisi ni mazingira. Hatuwezi kuandamana kutetea uhai asubuhi, halafu mchana tumwambie aliyeuchagua uhai akamue maziwa chooni.

Nalisema la chooni kwa sababu ndiko wanakokwenda. Hakuna mahali pengine penye mlango. Anasimama juu ya shimo, nzi wanazunguka, anakamua na kuyamwaga, kwa sababu nani atampa mtoto maziwa yaliyotoka huko? Kuna binti alinisimulia kwamba kumwaga ndiko kulikomuuma kuliko yote, kuliko hata kuchekwa. Nilimjibu kwamba kumwaga huko hakukuwa bure, maana kunamzuia asivimbe na kunafanya mwili uendelee kutengeneza, jioni mtoto ayakute. Ni jibu la kweli. Lakini halikumtosha, na sidhani lilipaswa kumtosha. Shule nzima ilishindwa kumpa kiti kimoja na pazia.

Na yule ambaye maziwa yamekatika kabisa, au shule ni mbali, au ni ya bweni, au afya imekataa? Ampe mtoto maziwa mbadala kwa ushauri wa kliniki, na asimwachie mtu amwambie ametenda dhambi. Kunyonyesha ni jema kubwa, siyo sakramenti. Ninachokataa ni ile hali ya kumsukuma kwenye kopo kwa sababu tu sisi hatukutaka kujisumbua, halafu kopo linaisha ndani ya siku chache, hela hakuna, na mtoto wa miezi 2 anaanza kupewa uji mwepesi. Hapo tumewakosea watoto wote wawili.

Kwa hiyo jumuiya ndogo ndogo zifanye nini? Siyo mambo makubwa. Akina mama wa WAWATA wanaweza kumshika mkono mama mzazi wa binti waende wote kwa mkuu wa shule, maana mzazi akienda peke yake anatishika. Waombe mambo matatu tu: chumba chenye mlango, hata stoo, dakika 20 hadi 30 za mapumziko ya asubuhi, na ruhusa ya kutoka mchana kama nyumbani ni karibu. Kama kuna familia ya jumuiya inayoishi jirani na shule, mtoto ashinde hapo na mama aje amnyonyeshe saa ya chai. Hiyo ndiyo njia bora kuliko kikombe na kuliko pampu. Wenye friji waseme wazi kwamba wanayo. TYCS shuleni wawe wa kwanza kukaa naye dawati moja na kumpa madaftari ya vipindi alivyokosa. Na mtoto abatizwe. Wapo wanaodhani mtoto wa mama asiyeolewa anazuiwa. Sheria ya Kanisa inadai walau mzazi mmoja akubali na pawepo tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani. Papa Fransisko, mwaka 2012 akiwa bado Kardinali kule Buenos Aires, aliwakemea waziwazi mapadre waliowakatalia ubatizo watoto wa namna hiyo. Alipokuwa Papa, Januari 2014, akibatiza watoto katika kikanisa cha Sistina, aliwaambia akina mama kwamba watoto wakisikia njaa wawanyonyeshe hapohapo. Kama inafaa chini ya dari la Michelangelo, inafaa kwenye benchi la kigango chetu.

Limebaki neno kwa wavulana. Mtakatifu Augustino alipata mtoto akiwa mwanafunzi Karthago, Afrika Kaskazini, ana umri wa miaka kama 18. Mtoto akaitwa Adeodato, yaani aliyetolewa na Mungu. Augustino aliendelea kusoma, akawa mwalimu wa ufasaha, akavuka bahari hadi Milano. Mwanamke aliyemzalia mtoto huyo aliishi naye miaka mingi, kisha akarudishwa Afrika peke yake ili mwanamume aandaliwe ndoa ya hadhi. Augustino anasimulia kwamba moyo wake ulitoka damu, lakini jina la mwanamke hakuliandika popote. Katika Maungamo, anapokumbuka utoto wake, anasema maziwa aliyonyonya hayakuwa mali ya mama wala ya walezi waliomnyonyesha, bali Mungu ndiye aliyempa kwa kupitia wao. Ni fundisho zuri mno. Nami kila nikilifikiria najiuliza, Adeodato yeye maziwa yake Mungu alimpa kwa kupitia nani, na saa ngapi yule mama alipata kulala?

Wewe uliyempa mwenzako mimba, ukiwa mwanafunzi kama yeye, kesho kengele ikilia utaingia darasani na shati kavu. Hakuna aliyekufukuza, na hakuna anayekuuliza mtoto kala nini. Basi jiulize mwenyewe. Kama binti na wazazi wake wanakubali uonekane, na kama hakukuwa na ukatili wowote, nenda na wazazi wako, usiende kimyakimya usiku. Kama huna hela, una mikono. Nepi zinafuliwa Jumamosi. Maji ya kuchemshia vikombe yanachotwa. Maziwa yaliyokamuliwa saa 4 yanahitaji mtu wa kuyafikisha kwa bibi kabla jua halijawa kali, na wewe baiskeli unayo.